Mwanafunzi wa Udaktari Aandaliwe Kabla ya Zamu ya Kwanza: Barua ya Wazi kwa Vitivo vya Tiba na Baraza la Madaktari

Kwa: Wakuu wa vitivo vya tiba katika vyuo vikuu vya Tanzania, Baraza la Madaktari Tanganyika, waganga wafawidhi wa hospitali zinazopokea madaktari tarajali.

Yah: Maandalizi ya wanafunzi wa udaktari kuingia katika mafunzo ya upasuaji

Safari ya daktari wa upasuaji nchini Tanzania ina hatua zinazojulikana. Mwanafunzi husoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano, hutumikia mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayetaka ubingwa wa upasuaji ana njia mbili. Ya kwanza ni shahada ya uzamili katika vyuo kama vile vya Muhimbili, Bugando na KCMC. Ya pili ni mafunzo ya COSECSA, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hicho humfundisha daktari palepale hospitalini anapofanyia kazi: miaka miwili ya kupata uanachama, na kwa upasuaji wa jumla mitatu mingine ya kufikia ubingwa. Hatua zote hizi zina mitaala, mitihani na vyeti. Kisicho na mwenyewe ni kipindi cha katikati, yaani miezi ya mwisho ya chuo na wiki za mwanzo za utarajali, pale mtu aliyezoea kutazama anapotakiwa kutenda. Chuo huona kazi yake imekwisha mwanafunzi anapofaulu mtihani wa mwisho. Hospitali nayo humpokea kama daktari ambaye tayari amefundishwa. Pengo hilo ndilo linalozungumziwa katika barua hii, pamoja na namna ya kuliziba.

Wapo wanaodhani kwamba maandalizi ya upasuaji yanawahusu wale wachache waliokusudia kuwa mabingwa wa fani hiyo. Mazingira ya Tanzania hayaruhusu dhana hiyo. Daktari aliyemaliza utarajali anaweza kupangiwa hospitali ya wilaya isiyo na bingwa hata mmoja, au mojawapo ya vituo vingi vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji tangu mwaka 2017. Huko mama mwenye uzazi pingamizi atafika usiku, na dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu ataletwa na wenzake, bila kujali daktari aliyepo alipenda fani gani. Kwa miongo mingi mzigo wa upasuaji wa wilayani ulibebwa na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha miaka ya 1960 na ambayo iliokoa maisha mengi kuliko inavyosifiwa. Kadiri watumishi hao wanavyopungua kazini, mzigo wao unahamia kwa madaktari wapya wenye shahada.

Takwimu za dunia zinaonyesha ukubwa wa mzigo huo. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la Lancet kuchunguza upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawafikiwi na huduma ya upasuaji iliyo salama na ya gharama wanayoweza kuimudu. Ilikadiria pia kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinahitaji upasuaji milioni 143 zaidi kila mwaka. Tume hiyo ilitaja huduma tatu zinazoonyesha kama hospitali ya ngazi ya wilaya inaweza kazi: upasuaji wa kumtoa mtoto, upasuaji wa kufungua tumbo, na matibabu ya mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Ilipendekeza pia kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa kila watu 100,000 ifikapo mwaka 2030. Tanzania ilijibu kwa kutunga mpango wa taifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025, miongoni mwa mipango ya mwanzo ya aina hiyo barani Afrika. Mpango wa aina hiyo unahitaji watu wa kuutekeleza, na katika ngazi ya chini kabisa mtekelezaji ni kijana aliyetoka chuoni juzi.

Mwanafunzi wa udaktari hukaa katika wodi za upasuaji kwa wiki kadhaa. Hujifunza kuhoji mgonjwa, kupapasa tumbo, kutaja dalili za kidole tumbo na kueleza aina za ngiri mbele ya mwalimu. Haya ni ya lazima, na kwa sehemu kubwa hufundishwa vizuri. Ndani ya chumba cha upasuaji mambo ni tofauti. Vyuo vimeongezeka na udahili umekua, lakini meza za upasuaji hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Wanafunzi husimama wengi nyuma ya timu, na aliye nyuma kabisa huona migongo na taa. Aliyebahatika kunawa na kuvaa gauni hupewa kushikilia kingo za jeraha, akarudi bwenini bila kufunga fundo hata moja. Mwisho wa wiki hizo daftari la stadi hupelekwa kwa mwalimu likasainiwe, na mara nyingi kurasa nyingi husainiwa kwa mkupuo. Daftari la namna hiyo halithibitishi kwamba mwanafunzi anaweza chochote. Kwa mwajiri ni hati inayopotosha, na kwa mwanafunzi mwenyewe ni hatari, kwa sababu humwingiza kazini akiwa na ushahidi wa stadi asizo nazo.

Maandalizi yanayofaa hayaanzi na kisu. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora zaidi kabla ya upasuaji kuliko wastani wa dunia, na bado asilimia 2.1 walifariki, kiwango ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Wagonjwa hao walitoka mezani wakiwa hai, wakafa baadaye, huenda mara nyingi kwa matatizo yaliyotoa dalili mapema bila kuonwa au bila kushughulikiwa. Katika hospitali zilizochunguzwa, wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja walikuwa takriban 0.7 kwa kila watu 100,000. Kwa uwiano huo haiwezekani bingwa awe kando ya kitanda usiku wa pili baada ya upasuaji. Anayekuwepo ni muuguzi wa zamu mwenye wodi iliyojaa, na daktari tarajali.

Kwa hiyo stadi ya kwanza ya upasuaji kwa mwanafunzi anayemaliza chuo ni kumtambua mgonjwa anayezidiwa. Vitabu humfundisha mwanafunzi kuangalia presha ya damu, naye hutulia akikuta presha ni nzuri. Lakini kijana mwenye moyo imara anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla presha haijashuka waziwazi. Kabla ya hapo mapigo huwa yamepanda, pumzi imekuwa ya haraka, miguu imepoa na mkojo umepungua. Idadi ya pumzi kwa dakika ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, na katika mafaili mengi huandikwa kwa kukisia. Mkojo hupimwa kwa kanuni nyepesi: mtu mzima anapaswa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, yaani mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Mgonjwa aliyefunguliwa tumbo jana, ambaye leo saa nane usiku mapigo yake ni 125, tumbo limejaa na mfuko wa mkojo hauna kitu tangu saa tano, hapaswi kusubiri raundi ya asubuhi. Anahitaji oksijeni, sindano mbili nene za mishipa, maji, damu iandaliwe, mpira wa puani, na simu.

Simu hiyo nayo ni stadi, na ndipo wengi wanapokwama. Mtarajali huogopa kumwamsha bingwa, huchelewa, na akipiga hatimaye huanza kwa kuomba radhi kisha hutoa maelezo yasiyo na mpangilio. Bingwa anayeambiwa kwamba mgonjwa wa kitanda cha saba hali yake si nzuri hajaambiwa lolote la kumtoa kitandani. Wanafunzi wanaweza kufundishwa kwa saa moja tu namna ya kupiga simu yenye maana, kisha wakafanyishwa mazoezi mpaka maneno yatoke yenyewe: “Shikamoo dokta. Ni mtarajali wa zamu, wodi ya upasuaji ya wanaume. Mgonjwa wa miaka 30, alifunguliwa tumbo jana kwa utumbo uliotoboka. Sasa mapigo 125, anapumua mara 30 kwa dakika, hana mkojo kwa saa tatu, tumbo limekakamaa. Nadhani mshono wa utumbo umeachia. Nimeanza maji na dawa, damu imeombwa. Naomba uje umwone.” Katika sentensi chache mpokeaji amejua nani anapiga, nini kimetokea, mpiga simu anafikiri nini na anataka nini.

Zoezi hilo halitafaa kitu ikiwa anayepokea simu humkaripia mpigaji. Bingwa anayemfokea mtarajali kwa kumwamsha bila sababu kubwa huwa amewafundisha watarajali wote wa wodi hiyo kunyamaza, na somo hilo hukaa kuliko mihadhara yake yote. Hospitali zinazopokea watarajali zinapaswa kuweka orodha ya dalili ambazo zikionekana simu ni lazima, ili kupiga kuwe ni kutii kanuni na kusiwe jambo la ujasiri wa mtu mmoja.

Baada ya hapo ndipo mikono inapofundishwa. Nchini Marekani mfumo wa mafunzo ya upasuaji ulioasisiwa na William Halsted katika hospitali ya Johns Hopkins mwishoni mwa karne ya 19 ulirithisha mazoea ya kutazama mara moja, kutenda mara moja, kisha kumfundisha mwingine. Mazoea hayo yameenea duniani, na katika hospitali yenye msongamano yanaonekana kama njia pekee inayowezekana. Yana gharama, na mlipaji ni mgonjwa ambaye mwili wake hutumika kwa jaribio la kwanza. Mwaka 1998 mwalimu wa upasuaji Rodney Peyton alieleza utaratibu wa hatua nne ambao sasa hutumika sehemu nyingi. Mwalimu hutenda kimya kwa kasi ya kawaida. Hutenda tena polepole akieleza kila hatua. Hutenda mara ya tatu huku mwanafunzi akimwelekeza kwa maneno. Mara ya nne mwanafunzi hutenda mwenyewe akieleza anachofanya. Hatua ya tatu ndiyo inayofichua asiyeelewa, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa haraka ya kazi.

Vifaa vya mazoezi havihitaji fedha nyingi. Kongoro za mbuzi ambazo hazijababuliwa ngozi hupatikana machinjioni, na ngozi yake hufaa kwa kushona jeraha. Utumbo wa mbuzi uliosafishwa hufaa kwa kuunganisha utumbo, na ubavu wake hufaa kwa kuweka mrija wa kifuani, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kupita juu ya ukingo wa ubavu wa chini ili asikate mishipa iliyo chini ya ubavu wa juu. Fundo hufungwa kwa uzi wa kawaida kwenye mguu wa kiti, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Tafiti za ufundishaji wa upasuaji zimeonyesha kwamba mazoezi mafupi yaliyotawanywa katika wiki kadhaa hukaa mikononi kuliko mazoezi yaleyale yakirundikwa katika siku moja. Kwa hiyo chuo kinachofanya warsha moja ya kushona kwa mwaka kimefanya jambo jema lakini dogo. Saa mbili kila Jumamosi kwa muhula mmoja zitazaa zaidi.

Stadi zenyewe si nyingi: kunawa na kuvaa bila kuchafua, kushona jeraha, kupasua jipu, kuweka mpira wa mkojo, wa puani na wa kifuani, kuzuia damu kwa mkandamizo na kwa kufunga mshipa, kusafisha mfupa uliotoboa ngozi na kuutuliza kwa plasta, na kuchoma ganzi ya mahali. Hiyo ya mwisho hudharauliwa kwa sababu inaonekana nyepesi. Kiwango cha juu cha lignokeini isiyo na adrenalini ni takriban miligramu 3 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 basi asipite miligramu 180, na katika dawa ya asilimia 2 hizo ni mililita 9 tu. Mtarajali anayeshona majeraha matatu ya ajali kwa mgonjwa mmoja anaweza kuvuka kiwango hicho bila kujua, mgonjwa akaanza kupata degedege, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Hesabu ya aina hiyo hujifunzwa mezani, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kuingia wodini.

Kuna sehemu ya maandalizi ambayo Tanzania ina haki ya kuifundisha kwa kujiamini, kwa sababu ilishiriki kuithibitisha. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, liliijaribu katika hospitali za miji minane duniani. Pamoja na London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, Manila na New Delhi, mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, katika Bonde la Kilombero. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: baada ya orodha kuanza kutumika, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni karatasi moja. Kabla ya usingizi timu huthibitisha jina la mgonjwa, upasuaji unaofanywa, upande wa mwili, mzio na hatari ya kupoteza damu nyingi. Kabla ya kukata kila mmoja hujitambulisha kwa jina na kazi yake, na huulizwa kama antibiotiki imechomwa ndani ya dakika 60 zilizopita. Kabla ya kutoka, vitambaa, sindano na vifaa huhesabiwa.

Mwanafunzi akisoma hayo darasani atayajibu kwenye mtihani. Thamani ya hayo huonekana anapopewa kuisoma orodha hiyo kwa sauti mbele ya bingwa, muuguzi na mtaalamu wa usingizi, na kuwasimamisha wakubwa wake mpaka hesabu ya vitambaa itimie. Katika jamii ambayo mdogo hamkatizi mkubwa, kazi hiyo inataka mazoezi na ruhusa ya wazi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kufanywa msomaji rasmi wa orodha kila siku ya upasuaji. Haigharimu chochote, na aliye nyuma ya umati anapata sababu ya kuwa chumbani.

Ridhaa ya mgonjwa inahitaji kutajwa peke yake. Udaktari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wengi huongea Kiswahili au lugha ya nyumbani kwao. Mwanafunzi humaliza miaka mitano akijua kueleza kuziba kwa utumbo kwa mtahini, huku hajawahi hata mara moja kupimwa kama anaweza kumweleza mama wa Kilosa kwamba mwanawe atatolewa kipande cha utumbo, na kwamba kwa miezi kadhaa atapata choo kikubwa kupitia tundu tumboni lililowekewa mfuko. Matokeo yake ni sahihi au dole gumba juu ya fomu ambayo aliyeitia hakuielewa. Mara nyingine matokeo huwa mabaya zaidi: ndugu humchukua mgonjwa na kuondoka naye kwa kuogopa upasuaji ambao hakuna aliyewaeleza vizuri. Mtihani wa vitendo wa mwaka wa mwisho unapaswa kuwa na kituo kimoja cha ridhaa kinachofanywa kwa Kiswahili, na anayetoa alama awe muuguzi mzoefu au mtu wa kawaida asiye na elimu ya tiba. Mtu huyo ndiye anayeweza kusema kama ameelewa. Katika kituo hichohicho mwanafunzi afundishwe kupokea jibu la hapana, na kuzungumza na familia pale uamuzi unapokuwa wa ukoo mzima, kama ilivyo mara nyingi.

Usalama wa mwanafunzi mwenyewe huachwa nyuma. Anayeingia kwenye mzunguko wa upasuaji anapaswa kuwa amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B, na kujua kwamba akijichoma sindano dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Anapaswa pia kujua mlango wa kugonga saa tisa usiku kwa ajili ya dawa hizo. Vyuo vingine huonyesha mlango huo siku ya kwanza. Vyote vifanye hivyo.

Kwa wanaotaka ubingwa maandalizi yana sehemu ya ziada, ambayo ni ushauri wa kweli. Wengi huichagua fani kwa kumpenda mwalimu mmoja au kwa heshima inayoizunguka, bila kujua ratiba, ada, urefu wa mafunzo wala tofauti kati ya chuo kikuu na COSECSA. Wengine, hasa wanawake, huambiwa mapema kwamba fani si yao, kauli ambayo haina msingi wowote wa kitaalamu na ambayo hulinyima taifa mikono linayoihitaji. COSECSA ina jumuiya ya wanawake wapasuaji wa Afrika, na mwanafunzi mmoja wa kike akikutanishwa na bingwa mmoja wa kike hujifunza kuliko kusikiliza hotuba nyingi za usawa. Ushauri huo uambatane na kazi: kuandika kumbukumbu ya kila upasuaji alioshiriki na nafasi aliyoshika, kuhudhuria kikao cha kujadili vifo na matatizo, kusoma anatomia upya sehemu kwa sehemu kabla ya kila upasuaji. Anatomia ya mwaka wa kwanza huwa imesahaulika ifikapo mwaka wa tano, na hilo halina aibu. Aibu ni kuingia chumbani bila kuirudia. Kitabu cha upasuaji wa hospitali za wilaya kilichohaririwa na Maurice King na wenzake, ambacho juzuu zake zilichapishwa mwaka 1987 na 1990, bado kinafaa kwa kazi hiyo. Kiliandikwa kwa ajili ya daktari aliye peke yake na vifaa vichache, ingawa baadhi ya tiba zake sasa zinapaswa kusomwa pamoja na miongozo mipya.

Swali la nani atafundisha huletwa kama kizuizi. Mabingwa ni wachache na wana kazi nyingi, na hilo ni kweli. Lakini kunawa na kuvaa hufundishwa vyema zaidi na muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye ndiye anayeona makosa yote. Njia ya hewa na ganzi hufundishwa na mtaalamu wa usingizi. Mishono na mafundo yanaweza kufundishwa na madaktari wanaosomea ubingwa, ambao nao huimarika kwa kufundisha. Madaktari wasaidizi waliofanya upasuaji wilayani kwa miaka mingi wana ujuzi ambao hakuna chuo kinachouchota: namna ya kufanya uamuzi pasipo picha, pasipo benki ya damu ya kutosha, na gari la wagonjwa likiwa limekwenda mkoani. Waalikwe vyuoni wafundishe, walipwe, na majina yao yaandikwe kwenye ratiba kama walimu. Bingwa anabakiwa na kazi mbili ambazo hawezi kumwachia mtu, yaani kupanga viwango na kutia saini kwa mwanafunzi aliyemwona akitenda kwa macho yake.

Jambo hili limefanyika kwingine. Mwaka 2014 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani pamoja na vyama vya walimu na wasimamizi wa mafunzo ya upasuaji walitoa tamko la kutaka kila anayeingia mafunzo hayo apitie kwanza kozi ya maandalizi, kisha wakaandaa mtaala wa pamoja. Huko anayeandaliwa ni yule aliyekwisha kuchagua upasuaji, na siku ya kwanza kazini atakuwa na wakubwa kadhaa juu yake. Tanzania haiwezi kuinakili kozi hiyo ilivyo. Hapa anayeandaliwa ni kila mwanafunzi wa udaktari, na uzito lazima uwekwe kwenye wodi ya usiku, uzazi pingamizi, ajali na tumbo la dharura.

Kwa hayo, vitivo vya tiba vinaombwa kutenga wiki nne za mwisho wa mwaka wa tano, baada ya mitihani na kabla ya utarajali, ziwe za maandalizi ya zamu: asubuhi stadi za mikono, mchana mazoezi ya mgonjwa anayezidiwa na simu ya usiku, na angalau zamu nne za kumfuata mtarajali aliyepo. Vinaombwa pia kukataa daftari la stadi lisilo na tarehe na jina la aliyeshuhudia kila tendo. Waganga wafawidhi wanaombwa kumpa kila mtarajali mpya wiki ya kwanza isiyo na zamu ya peke yake, orodha ya dalili za kupiga simu iliyobandikwa wodini, na jina la bingwa mmoja anayewajibika kwake. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalotoa usajili wa muda kwa mtarajali. Linaombwa kuweka viwango vya pamoja vya maandalizi hayo na kuyafanya kuwa sharti la usajili huo, kuanzia na wanafunzi walio mwaka wa nne hivi sasa, ili vyuo vipate mwaka mzima wa kujipanga.